Kupanga harusi Uganda bila kubaki na madeni: maneno ya mweka hazina

Nimekuwa mweka hazina wa komiti za harusi mara tatu. Mara ya kwanza niliingia kwa sababu nilichelewa mkutanoni, nikakuta kazi zingine zote zimeshagawanywa. Kwa hio haya naandika kama mtu aliyeshika kitabu, sio kama mtu wa maua na vitambaa. Mfano mkubwa nitakaotumia ni harusi ya binamu yangu, kijana wa Kinubi wa Bombo aliyeoa binti wa Kiganda wa Masaka, wote Waislamu, ila ukiwa Mkristo au Mnyankole mambo mengi yatakuhusu tu, nitakuonyesha pale yanapoachana.

Kwanza kaeni wawili, komiti isubiri

Kabla ya kufungua kundi la WhatsApp na kuweka picha yenu ya kushikana mikono, kaeni nyie wawili na karatasi. Andikeni pesa ambayo iko mkononi leo, sio mshahara wa Desemba, sio kiwanja unachotaka kuuza, sio mjomba aliye Dubai ambaye alisema "nipo." Pesa iliyopo. Binamu yangu alikuwa na milioni 9, bibi harusi hakutaka kusema yake na ni haki yake, wazazi wa bwana harusi wakasema watatoa 4 na wakazitoa hapohapo. Tukaandika 13. Hio ndo ilikuwa harusi yetu, mengine yote yalikuwa maombi.

Alafu mkubaliane mambo mawili au matatu ambayo hamtayaacha hata pesa ikipungua. Bibi harusi alitaka picha nzuri, binamu alitaka doluka, ngoma ya Kinubi, ipigwe mpaka wazee wachoke. Basi. Ukiwa na mambo kumi usiyoweza kuyaacha, hapo huna bajeti, una ndoto tu.

Hesabu ni sherehe ngapi

Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanasema "tunapanga harusi" kumbe ni sherehe nne na kila moja inakula pesa yake. Upande wa Buganda kuna kukyala, ile ziara ndogo ya kwenda kwa ssenga, shangazi wa binti upande wa baba, kujitambulisha. Kuna kwanjula yenyewe, sherehe ya kujitambulisha rasmi, nyumbani kwa wazazi wa binti. Kuna kasiki usiku wa kabla ya harusi, ambayo zamani ilikuwa ya nyumbani na siku hizi watu wanakodi ukumbi na rangi maalum ya nguo. Kuna kanisa au nikah, kisha karamu. Ukienda Ankole na Kigezi kwanjula inakuwa kuhingira, na kule ng'ombe ndo mazungumzo yenyewe, na upande wa binti nao wanatoa emihingiro, vyombo na vitu vya kumfungia mtoto wao nyumba, kwa hio usidhani gharama ni ya mwanaume peke yake.

Kila sherehe ipe ukurasa wake kwenye kitabu. Nunua kauntabuku ya kawaida, ile ngumu, usitegemee simu peke yake kwa sababu simu huibiwa, na siku moja utahitaji kumfungulia mjomba ukurasa mbele ya watu.

Kama pesa ni kidogo unganisheni. Siku hizi wako wengi wanaofanya kwanjula asubuhi na ndoa jioni siku hiohio, au Jumamosi na Jumapili, magari yaleyale, tenti zilezile, mpiga picha yuleyule. Tangu 2020, wakati wa korona, pale watu walipozuiwa kukusanyika na tukaanza kuoa kwa "sayansi", harusi ndogo haina aibu tena kama zamani. Ukisema "yetu ni ya sayansi" watu wanacheka na wanaelewa, hata shangazi.

Kukyala: hapa ndo bei inapangwa

Watu wanaichukulia kukyala kama chai tu. Ndugu yangu, hapo ndo bajeti yako inaandikwa. Nendeni watu wachache, watano au sita, mmoja wenu awe mtu mzima anayejua kuongea, na mhakikishe mmeshaulizana koo kabla. Kwa Baganda watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama mnatoka wilaya tofauti na hamjawahi kuonana, kwa hio kama bwana harusi ni Muganda naye, usichapishe kadi kabla ya kujua kama wote wawili sio wa ukoo mmoja.

Pale kwa ssenga ndo mtaomba listi. Ombeni kwa adabu ila ombeni iandikwe. Listi ya kawaida ya mutwalo, yaani vitu mnavyopeleka kwa familia ya binti, ina barua, kanzu ya baba na ya babu, gomesi (lile vazi rasmi la wanawake) ya mama na ya ssenga, jogoo wa muko ambaye ni kaka wa bibi harusi, nyama, sukari, chumvi, mkate, sabuni, mafuta, mchele, ndizi za matooke, na familia za Kiislamu hazina pombe kwa hio soda inachukua nafasi yake. Juu ya hapo kila familia inaongeza vyake, wengine wanataka sofa, wengine tangi la maji, nimeona hata mabati. Msikasirike. Mpeleke mtu anayejua kubembeleza kwa Kiganda kizuri, apige magoti kama ni mwanamke, alalamike kidogo kwamba vijana bado wanaanza maisha, na utashangaa jinsi friji inavyogeuka kuwa mtungi wa gesi. Sisi ssenga alikuwa ameandika ng'ombe watatu, tukarudi nyumbani na mmoja, na yule mmoja akageuzwa bahasha ya pesa.

Na kitu kimoja kwa Waislamu: mutwalo sio mahari. Mutwalo unaenda kwa familia, mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, anataja yeye na anapewa yeye. Mahari isiingie kwenye kitabu cha komiti, na isichangishwe kwenye mkutano kama pesa ya tenti. Binamu alitaka kuichanganya, mzee mmoja wa Bombo akamwangalia tu, ikaisha.

Kuna jamaa huwa wanatunza risiti za kila kilo ya sukari waliyopeleka ukweni eti ndoa ikivunjika warudishiwe. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu Kabisa ya Uganda, kwenye kesi iliyopelekwa na shirika la MIFUMI, iliamua kwamba kudai mutwalo urudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Kutoa wameruhusu, kudai kurudishiwa hapana. Kwa hio risiti zitunze kwa ajili ya kitabu chako tu.

Kununua mutwalo

Vitu vya jumla, sukari, sabuni, mafuta, chumvi, nenda Kikuubo, soko la jumla la Kampala, mapema asubuhi siku ya katikati ya wiki, na uende na mtu mwenye nguvu za kubeba. Gomesi na kanzu zunguka maduka ya Kiyembe, Kampala hapohapo. Usinunue duka la kwanza, ingia matatu, gusa kitambaa, uliza kama bei ni pamoja na kushona na ule mkanda wa kiunoni. Hii gomesi tunayoiona ya mababu, hadithi yake inaanza Gayaza mwaka 1905 kwa fundi mmoja Mgoa aliyeitwa Gomes, ndo maana jina, kwa hio ukisikia mtu anasema usiguse kabisa mtindo wake, mwambie hata yenyewe ilikuwa fasheni mpya siku moja.

Matooke, nyanya, vitunguu nunua siku moja kabla, na kama unaenda mbali nunua njiani au kulekule. Kubeba ndizi kutoka Kampala kupeleka Masaka ni kichekesho, zinatoka huko!

Jogoo sasa. Jogoo ni kitu kidogo ambacho kinaweza kuharibu siku, kwa sababu vingine vyote vinaweza kugeuzwa bahasha ila muko anataka jogoo wake akiwa hai, na mwenye afya, anayeonekana ni jogoo. Nilimnunua soko la Kalerwe jioni, mwekundu mzuri, mkia kama wa kwenye kalenda. Asubuhi tukamweka nyuma ya koasta ndani ya kikapu chake chenye utepe, juu yake mtu akaweka begi la nguo. Tulipofika Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta, watu wanashuka kupiga picha, nikafungua kumwangalia, amelala, mdomo wazi, macho nusu. Banange. Tukamtoa, tukampa maji kwa kifuniko cha chupa, msichana mmoja akampepea kwa programu ya sherehe, bwana harusi amesimama pembeni na kanzu yake nyeupe hasemi kitu. Baada ya dakika kumi hivi akasimama na kujikung'uta. Tangu siku hio kwenye listi yangu naandika jogoo WAWILI, na wanasafiri ndani na abiria.

Alafu bahasha. Andaa bahasha nyingi kuliko unavyodhani, na pesa ndogondogo ya noti za elfu mbili na elfu tano. Wale mabinti wanaokuja kuwasalimia kwa makundi kila kundi linapewa, kina shangazi, wavulana, na mkichelewa mnapigwa faini getini. Na mtachelewa, maana jemu ya Kyengera haijui kama una kwanjula. Tokeni saa kumi na moja alfajiri. Sisi tulitenga 600,000 za bahasha na tulirudi na mbili tu mfukoni, bahasha sio laki.

Hesabu vichwa kabla ya kuhesabu pesa

Ukinisikiliza kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu wote, sikiliza hiki: mtu mmoja ni sahani, kiti, soda, kipande cha keki, na sehemu ya tenti. Ukipunguza mtu mmoja umepunguza vyote hivyo kwa mkupuo. Watu wanakaa saa mbili wakigombania bei ya maua alafu wanaongeza wageni hamsini kwa dakika moja kwa sababu "hatuwezi kuwaacha watu wa ofisi."

Hesabu ya kwanza ya binamu ilikuwa hivi, na hizi ni bei tulizopewa sisi, zako zitatofautiana. Kwanjula upande wetu: vitu vya mutwalo 3,200,000, bahasha 600,000, usafiri 1,300,000, nguo 900,000, mwogezi (msemaji wetu) 500,000, na 2,000,000 za kuwasaidia wakwe na tenti na chakula. Hio ya mwisho watu huwa hawaiandiki, kwa sababu kimila kwanjula ni ya wakwe wenyewe, lakini ukweli ni kwamba siku hizi wanaume wengi wanatuma kitu kimyakimya, bora uandike. Jumla 8,500,000.

Karamu ya watu 300: chakula 25,000 kwa sahani yaani 7,500,000, vinywaji 600,000, bustani ya hoteli 1,500,000, dekoresheni pamoja na tenti na viti 5,000,000, picha na vidio 1,500,000, gauni na suti 1,200,000, keki 700,000, saundi na emsii 1,000,000, magari 500,000, kadi na makaratasi 200,000. Jumla 19,700,000. Ukiunganisha zote mbili ni 28,200,000, na sisi tuna 13 mkononi.

Mikutano na ahadi

Uganda harusi inachangwa na watu, hio tumekubali. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mkutano kila wiki, na mtu anasimama anasema "mimi naahidi laki tano" watu wanapiga makofi. Kwenye mkutano mmoja tuliofanya Kampala chupa ya maji ya kawaida ilipigwa mnada, ikaanza elfu tano, ikafika hamsini, aliyenunua akairudisha ipigwe tena, jamaa akaichukua kwa sabini, na wakati huo chupa yenyewe imeshafunguliwa na mtoto wa mwenyekiti. Raha sana. Ila kwenye kitabu changu kuna safu mbili, AMESEMA na AMETOA, na ninajumlisha moja tu.

Kanuni yangu ni hii: ahadi gawanya kwa mbili. Tuliahidiwa 14,200,000, nikapangia 7,100,000. Wengine kwenye komiti walinuna, wakaniita mtu asiye na imani. Mpaka siku ya harusi zilikuja 7,900,000. Mara zote tatu nilizoshika kitabu imekuwa karibu na nusu, wakati mwingine chini.

Kuomba kuna ufundi wake. Usimtumie mtu ujumbe wa jumla kwenye kundi, mpigie. Muulize atatoa lini, sio kama atatoa. Mwenye laki tano asiyeweza kuzitoa zote mwombe laki mbili leo. Anayesema hana pesa mwombe kitu: gari lake, jenereta yake, mbuzi, kazi ya mikono yake. Mama mmoja wa Bombo alitupa ahadi ya kusuka mikeka na makawa ya kufunikia chakula na akayaleta kabla ya wote waliotaja mamilioni. Na mikutano isizidi minne au mitano, maana kila mkutano nao una soda na nauli, nimewahi kuona komiti iliyokula karibu robo ya michango yenyewe kwenye mikutano ya kuchangia.

Pesa zikija kwa simu tumia laini moja tu, iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina, na kila jioni weka listi kwenye kundi. Na usitoe keshi bila sababu. Kutoa kuna ada ya kampuni, juu yake serikali inakata nusu asilimia, kwa hio saplaya anayepokea kwa simu mlipe kwa simu moja kwa moja na ujumbe wa malipo unabaki kama risiti.

Kukata

Tulikuwa na milioni 13 mkononi, ukijumlisha na nusu ya ahadi ni 20,100,000. Pengo ni 8,100,000. Usiku mmoja tukakaa watu wanne tu, na hio namba ni muhimu, usikate bajeti mbele ya watu arobaini. Wageni kutoka 300 mpaka 180: chakula kikashuka milioni 3. Dekoresheni ikarudi nusu, milioni 2.5, kwa sababu tenti zikapungua na tukamwambia wa maua atumie majani na vitambaa zaidi. Bustani ya hoteli tukaiacha, karamu ikahamia uwanja wa nyumba ya mjomba Bombo, milioni 1.5. Magari tukaazima ya ndugu, 500,000. Gauni la pili na suti ya pili zikafutwa, 600,000, na hapo ndo palikuwa na machozi, sitaficha. Jumla yake ndo hio 8,100,000.

Kupunguza wageni ndo kugumu. Njia iliyotusaidia ni kadi kwa idadi: kila upande unapewa kadi zake 90, mama zetu wagawane wenyewe, sisi hatuingilii. Walizozana siku tatu kisha wakamaliza, na lawama haikuja kwa bibi harusi.

Zile 800,000 zilizozidi kwenye ahadi hatukumwambia mtu. Zikawa za dharura, na zote ziliisha: dizeli ya jenereta, maji ya lori, nauli ya bibi aliyekuja toka Arua bila taarifa na wajukuu watatu.

Mambo ya siku hizi: lipi uchukue, lipi uache

Bibi harusi kubadilisha gomesi mara tatu kwenye kwanjula, kuingia kwa kucheza, mawingu ya moshi miguuni, droni, skrini kubwa, vidio ya mapenzi kabla ya harusi, fataki. Mimi sio mzee wa kukataa kila kitu. Picha lipia vizuri, ndo kitu pekee kitakachobaki mwaka ujao. Matangazo ya moja kwa moja kwenye intaneti nayo yana maana kama mna ndugu nje, tena wale walioangalia toka Uingereza walitutumia michango sherehe ikiendelea. Gomesi za kubadilisha, kodi, usishone. Moshi, hapana, kwanza kwenye uwanja wa nyasi Bombo upepo ulishaubeba siku nyingine nikiwepo, ukaenda kwa majirani. Keki za ghorofa saba, nyingi ghorofa za katikati ni boksi, ukweli huo muulize mwokaji. Mama zetu wa Kinubi waliingia na gurbaba zao za rangi, lile vazi la wanawake wa Kinubi, wakapiga vigelegele, na hakuna dekoresheni iliyowashinda kwenye picha.

Masaplaya

Kila mmoja aandikishwe: tarehe, saa ya kufika, idadi, bei, balansi inalipwa lini. Karatasi moja, sahihi mbili. Advansi isizidi nusu. Kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzangu, ambayo ndo ilikuwa yangu ya kwanza, tulimlipa mtu wa tenti pesa yote wiki mbili kabla kwa sababu alikuwa mpole na alituita "wanangu", siku yenyewe saa nne asubuhi amefunga tenti mbili kati ya nne, zingine ziko kwenye harusi nyingine na simu imezimwa. Watu wakakaa juani, wale wa mbele wakafunika vichwa kwa programu. Tangu hapo balansi naibeba mimi na mtu anaipata kazi ikiwa imesimama wima.

Onja chakula kabla. Usipimiwe kwa masufuria, mlipane kwa sahani, na mtu wenu akae pale kwenye bufee na kadi za chakula, maana watu wasioalikwa wanajua kupanga foleni kuliko walioalikwa.

Tarehe nayo ni pesa. Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba ni mvua huku kati, tenti zenye kuta zinapanda na magari yanazama. Desemba na Agosti kila mtu anaoa, kwa hio bei juu. Wakatoliki watakwambia Kwaresima hapana, Ramadhani karamu hapana. Sisi tulioa Januari mwishoni, kila mtu kafulia na masaplaya wana njaa, tulipata bei nzuri sana ila michango nayo ilikuwa ya Januari.

Makaratasi msiyasahau

Hapa nitakwenda haraka. Kwanjula ikikamilika sheria ya 1973 inatambua ndoa ya kimila, na inatakiwa iandikishwe ndani ya miezi sita kwenye ofisi ya kaunti ndogo au manispaa, mwende na mashahidi wawili. Wengi hawaendi, kisha wanakuja kuhangaika wakitafuta viza au mambo ya urithi. Ndoa ya serikali inafungwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na tangazo linabandikwa siku 21 kabla, kwa hio usiende wiki ya harusi. Kanisani majina yanasomwa Jumapili tatu na kuna mafundisho ya wachumba, na kabla ya kulipa chochote ulizeni kama hilo kanisa lina leseni ya kufungisha ndoa, hasa haya madogo mapya. Nikah nayo hakikisheni cheti kinatoka na mmekishika mkononi. Umri ni 18 kwenda juu, hio iko kwenye katiba na hakuna ssenga wa kuibembeleza.

Siku yenyewe

Bwana harusi asishike pesa hata shilingi. Bibi harusi pia. Mweka hazina avae nguo yenye mifuko au begi la kuvuka kifua, sio lile zuri la kuendana na gomesi, na bahasha za balansi ziwe zimeandikwa majina tangu jana: wa chakula, wa saundi, dereva wa koasta, askari wa geti. Zawadi za keshi zinazoletwa ukumbini zipokelewe na watu wawili, mmoja toka kila upande, na zihesabiwe usiku huohuo chumba kimefungwa. Chaji simu mbili. Kula mapema kabla ya wageni, maana baadaye hutakula, mimi mara zote tatu nilikula ukoko.

Ikifika saa tano usiku na doluka bado inalia na watu wote wamesahau kama kuna kitu kinaitwa hesabu, wewe nenda nyuma ya jiko na tochi ya simu ukahesabu vyombo vya kukodi na mwenyewe akiwepo, kabla lori halijaondoka. Sahani, vikombe, vyombo vya kupashia, vitambaa vya meza. Vijiko hasa. Sisi tulipungukiwa vijiko 43, tukalipia kila kimoja, na kesho yake asubuhi tukakuta kumi na saba kwenye beseni la bibi wa Arua, alidhani ni zawadi.